Bingwa wa Tambarare

Hongera, shemeji. Simu imesema kilomita 30 kwa saa, na simu haina kinyongo na mtu. Dar es Salaam hadi Bagamoyo, mwezi wa Agosti, kusi ikikusukuma mgongoni tangu Tegeta, lori la mchanga likikukatia hewa mbele. Kurudi, baiskeli ilipanda pikapu. Hilo simu haikulisema.

Ila usimcheke yule kijana wa Usambara. Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na ndani yake mna takriban mita 1,000 za kupanda. Yeye na baiskeli yake wakiwa kilo 80, amenyanyua kilo 80 kwenda juu kilomita nzima, bado hatujahesabu kona na mabasi. Alipanda kwa saa 3, akashuka kwa saa 1. Wewe ukajumlisha 11 na 33, ukagawa kwa mbili, ukampa 22. Wastani wake ni 16.5, shemeji, gawanya kilomita 66 kwa saa 4 uone. Muda mwingi uliishia kwenye kupanda.

Wenye pesa hufunga kipima wati kwenye pedali. Hicho hakijali mlima wala bonde, huuliza tu mguu umesukuma kiasi gani. Nilikutajia, ukasema ni ghali. Ghali kweli. Basi tungoje Januari, kaskazi ikivuma, twende tena Bagamoyo. Hiyo ni bure, na pikapu ibaki nyumbani.