Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Anayehusika na Kucheza

Mheshimiwa,

YAH: PONGEZI KWA JINSI WATOTO WA MAKAO MAKUU WANAVYOFURAHISHWA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni katibu muhtasi mstaafu, mkazi wa Chang'ombe, Dodoma. Maisha yangu ya utumishi nimeyamaliza nikichapa barua za wakubwa, kwa mashine ya taipu kwanza na kompyuta baadaye, na barua nyingi za "suala lako linafanyiwa kazi" zimepita kwenye vidole vyangu hivi. Najua kwamba lalamiko hukaa masijala likisubiri jalada, ila pongezi hupandishwa ghorofani siku hiyohiyo. Kwa hiyo nakuletea pongezi.

Uniwie radhi kwa kutotaja cheo chako. Niliulizia ofisi inayohusika na kucheza kwa watoto. Dirisha la kwanza wakasema kucheza ni afya. La pili wakasema kucheza ni ardhi. La tatu wakasema ni utamaduni. La nne wakaniuliza mjukuu wangu anachezea timu gani. Basi barua hii aifungue yeyote atakayehisi inamhusu.

Sikukuu ya Nane Nane nilitoka na binti yangu pamoja na mume wangu wa miaka minne. Usishtuke: ni mjukuu, lakini kwa utani wa bibi na mjukuu wa kiume yeye ndiye mwenye nyumba. Tukaenda kwenye kiwanja kimoja cha burudani za watoto hapahapa jijini. Jina nalihifadhi, kwani mwenye kiwanja ana kibali na mimi sina.

Pongezi ya kwanza ni ya ulinzi. Nilikuwa na kikapu chenye maandazi, chupa ya maji na vichala viwili vya zabibu za hapahapa nilizonunua barabarani. Mlinzi alinisalimia vizuri, "Shikamoo mama," kisha akanionyesha kibao: hairuhusiwi kuingia na chakula wala kinywaji kutoka nje. Zabibu zikabaki langoni. Ndani, ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, mjukuu akauziwa juisi ya zabibu ya boksi iliyotoka Afrika Kusini. Huu ni mkoa ambao zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, wenye kituo cha utafiti wa zabibu pale Makutupora, na mtoto wa Dodoma amenyang'anywa zabibu ili anunue picha ya zabibu. Nchi ikilindwa hivyo, adui ataingilia wapi?

Pongezi ya pili ni ya ukusanyaji wa mapato. Kiingilio kililipwa langoni, cha mtoto na cha mkubwa, na cha bibi pia, ambaye hakukusudia kuteleza popote. Nikadhani tumemaliza. Kumbe langoni tumelipia kutazama. Jumba la upepo la kurukia lina malipo yake, gari la kuzunguka lina malipo yake, na ili uingie kwenye jumba la upepo lazima uvae soksi, na soksi zinauzwa palepale, saizi moja kwa watoto wote. Mjukuu alivalishwa soksi zilizomfika magotini, akaruka dakika zake chache, kijana mwenye filimbi akampulizia: "Muda!" Mtoto wa miaka minne hajui dakika, akaendelea kuruka. Akashushwa kwa kuvutwa mguu, soksi ikabaki mkononi mwa kijana na mtoto akarudi ndani. Nilifurahi kuona kwamba bado kuna mtu mmoja mjini hapa anayeweza kuipinga mamlaka bila woga.

Kisha akaja mdoli, yule mtu aliyevaa kichwa kikubwa cha mnyama. Alikuwa sungura, au punda, manyoya yalikuwa yameshachoka kiasi hicho. Mjukuu akapiga ukelele na kujificha kwenye kitenge changu. Mpiga picha akapiga picha ya ukelele huo, akadai fedha.

Pongezi ya tatu ni ya kivuli. Unajua Agosti ya Dodoma: upepo unakata, vumbi linapanda, na ifikapo saa sita jua linachoma kama vile upepo haupo. Kiwanja kilikuwa na miavuli mizuri sana. Yote ilikuwa upande wa baa. Bembea ziliachwa juani, chuma chake kikawa hakishikiki, na mtelezo ule ukiuwekea chapati ingeiva. Nikaenda kukaa mwavulini, mhudumu akaniuliza naagiza nini. Nikamwambia naagiza kukaa. Akanieleza kwa adabu kwamba viti ni vya wateja. Ndipo nikaelewa mpangilio wote: watoto wamewekwa pale ili wazazi wapate sababu ya kunywa, na bembea ni chambo.

Muziki nao haukuwasahau watoto. Spika zilielekezwa kwa watoto, mshereheshaji akaita wenye umri chini ya miaka kumi wapande jukwaani washindane kukata mauno, mshindi apewe soda. Maneno ya wimbo sitayarudia, maana barua hii ni ya kiserikali. Mama zao walikuwa wanarekodi kwa simu. Msichana mdogo aliyekataa kucheza alizomewa na mtu mzima mwenye chupa mkononi.

Sasa choo. Disneyland ilipofunguliwa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, mafundi bomba walikuwa wametoka kwenye mgomo muda si mrefu, kazi haikuwa imekamilika. Walt Disney akalazimika kuchagua: vyoo au mabomba ya maji ya kunywa. Akachagua vyoo. Watu wakaona kiu na wakalalamika, lakini mtoto alipobanwa alipata pa kwenda. Hapa kwetu wamechagua spika. Choo kimoja kilikuwapo, kina kufuli, ufunguo anao muuza vinywaji, na sinki la kunawia liko kimo cha askari. Mjukuu alinawishwa kwa maji ya kununua ya chupa, na chupa yangu mwenyewe ikiwa inapata joto langoni pamoja na zabibu.

Mwanangu Mheshimiwa, maana kwa umri huenda nimekuzaa, usidhani nimekuja kumshitaki mwenye kiwanja. Yule ni mfanyabiashara. Ameona watoto hawana pa kuchezea, akazungusha uzio kwenye ombwe hilo na kuweka lango. Ombwe si lake. Ombwe ni la kwenu.

TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, mji huu ulianza kwa kuchorwa. Mpango Mkuu wa 1976 uliandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto. Wakanada wale, watu wa theluji, walichora mji ambao mwenda kwa miguu na baiskeli hawamezwi na magari, majengo hayamtishi mtu, na makazi yametenganishwa na maeneo ya kijani. Watu wa barafu waliwaza kivuli cha mtoto wa Kigogo. Tangu hapo tumepata mambo mengi: mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba sasa Serikali inahama kwa vitendo, mwaka 2017 Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikavunjwa na kazi zake zikaenda kwa halmashauri, mwaka 2018 tukawa Jiji. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 410,956. Ya 2022 ikatukuta 765,179. Tumeongezeka watu 354,223 kwa miaka kumi, na sijasikia kama kuna aliyezaliwa akiwa mtu mzima.

Hao watoto wako wapi? Nitakutembeza bila posho. Kwenye ramani ya mtaa, mahali palipopakwa kijani, pameandikwa "eneo la wazi". Nenda na ramani yako mpaka papo hapo. Utakuta gereji, au fremu za maduka, au msingi wa nyumba uliofika kwenye lenta, au baa yenye kibao cha "familia zinakaribishwa". Ukiuliza utajibiwa kwamba eneo lilibadilishwa matumizi. Watoto nao wakabadilishwa matumizi: wamehamia kwenye makorongo. Kiangazi korongo ni uwanja mzuri sana, mchanga laini, kingo za kutelezea, hakuna kiingilio wala soksi. Tatizo ni Desemba, mvua ikinyesha milimani maji yanakuja mtaani bila kupiga honi.

Najua utanijibu kwamba ipo Nyerere Square na ipo bustani ya Chinangali. Ni kweli zipo, na mgeni akija tunampeleka akapige picha. Lakini mtoto wa Nkuhungu au wa Nzuguni hachezi katikati ya mji. Mtoto mdogo anacheza pale ambapo mama akiita kutoka jikoni atasikika. Hicho ndicho kipimo cha kiwanja cha watoto, na hakihitaji mshauri mwelekezi: umbali wa sauti ya mama. Kinachopandiwa daladala ni matembezi, na matembezi ni ya sikukuu. Mtoto anacheza kila siku.

Wenye nacho wamepata dawa. Tangu 2024 treni ya umeme inatuunganisha na Dar es Salaam kwa saa chache, na Ijumaa jioni pale stesheni utawaona na mabegi yao, watoto mkononi, wanakwenda kuwaonyesha bahari na kuwatelezesha kwenye maji kule Kunduchi. Makao makuu yamehamia Dodoma, furaha imeachwa pwani.

Kuhusu sheria sitakuchosha. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unatamka katika ibara ya 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Nimeisoma ibara hiyo kwa miwani na bila miwani, sikuona mahali panaposema "baada ya kuonyesha risiti". Kila tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, watoto wetu husimamishwa juani wakisoma risala za haki zao mbele ya mgeni rasmi aliyekaa chini ya turubai. Hapo napo kivuli kina wenyewe.

Na kama hoja ya watoto haina uzito, chukua ya siasa. Bustani ya Tivoli kule Copenhagen ilifunguliwa mwaka 1843. Yasimuliwa kwamba mwanzilishi wake, Georg Carstensen, alipomwomba mfalme kibali alimpa sababu fupi: watu wakiburudika hawafikirii siasa. Mfalme akakubali, na bustani ipo mpaka leo. Bibi wa Dodoma ambaye mjukuu wake amechoka kwa kucheza na kulala saa mbili usiku hana muda wa kukuandikia barua ya wazi. Fikiria faida hiyo.

Kwa heshima na taadhima naomba yafuatayo:

(a) Maeneo ya wazi yote yaliyomo kwenye ramani za mitaa yawekewe bikoni na kibao, na orodha yake ibandikwe kwenye kila ofisi ya mtaa, ili mwananchi akimuuliza mwenyekiti "kiko wapi kiwanja chetu" ajibiwe kwa kidole.

(b) Anayeomba kibali cha kiwanja cha burudani za watoto asipewe mpaka aonyeshe kivuli juu ya bembea, maji ya kunywa ya bure, choo kisicho na kufuli chenye sinki la kimo cha mtoto, na baa iliyo mbali kiasi kwamba mlevi akipepesuka asiangukie kwenye mtelezo.

(c) Kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani, iliyozinduliwa mwaka 2017, ifike mitaani. Miti iliyopandwa kwenye barabara za misafara imependeza. Mwarobaini mmoja upandwe pia mahali ambapo hakuna msafara utakaopita.

(d) Mafundi wa kuchomelea wa mji huu wapewe tenda ya bembea. Wanatengeneza mageti yenye simba na maua. Bembea ya minyororo na tairi kuukuu haiwezi kuwashinda, na haihitaji kuagizwa nje wala kuzinduliwa kwa kukata utepe.

Najua jibu lako, maana nimelichapa mara nyingi: fungu halijatengwa, mchakato unaendelea. Basi acha (b), (c) na (d) zisubiri fungu. Hata bikoni na vibao vya (a) navyo visubiri, lakini kuyalinda maeneo ya wazi hakuhitaji fedha. Eneo la wazi haliibiwi usiku. Linaondoka mchana, kwa barua, kwa muhuri na kwa saini. Siku yoyote utakapoletewa mezani jalada la kubadili matumizi ya kiwanja cha wazi, lirudishe bila kutia saini. Ni kazi nyepesi kuliko zote ulizowahi kuombwa na mwananchi: usifanye kitu.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Bibi wa Chang'ombe,
Dodoma.