YAH: Hongo ya Gari Langu Kuukuu

Kitete,
Tabora, Unyanyembe.

Kwa Mheshimiwa Unayeshika Kalamu ya Ushuru,
Dodoma, Ugogo.

Mtani,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ningekuita Mheshimiwa barua nzima, lakini wewe unakaa Ugogo na mimi ni Mnyamwezi, na kwa mila za babu zetu ninayo ruhusa ya kukusema vibaya hata msibani kwenu na usinishtaki popote. Kama kwenu ni Rombo au Newala, pole. Maji ya Dodoma umekwisha kuyanywa, umekuwa Mgogo. Vumilia.

Nina gari. Ni Kombi ya Volkswagen, namba A, lenye kitanda nyuma, jiko la gesi lisilo na gesi, na paa linaloinuka kama balaghashia ya mtu anayeshangaa. Aliyeniuzia ni Mzungu aliyekuwa akizunguka nalo Afrika. Lilimgomea hapa Tabora, akanikabidhi ufunguo, akapanda treni huku anacheka. Nilidhani ni furaha ya safari. Ndiyo kwanza nilikuwa nimepokea kiinua mgongo changu cha ualimu, na miezi sita haikupita gari likawa limekiinamisha.

Mpango wangu haukuwa mbaya. Nipakie asali ya Sikonge, niipeleke huko kwako, usiku nilale kitandani mwangu nisilipe gesti, asubuhi nichemshe chai kando ya barabara kama mfalme. Kwa ufupi, nifanye walichofanya babu zangu, ila mzigo ubebwe na magurudumu. Wao walibeba frasila mbili begani, kama kilo 32 hivi, kutoka hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo. Ukiwauliza wazee wa hapa, watakwambia mvulana ambaye hajafika pwani alikuwa hajawa mwanamume.

Na njiani walitozwa. Hapo ndipo tunapokutana, Mtani. Babu zako walikaa kwenye nchi kavu yenye visima vya kuhesabu, na kila msafara ulipofika ulisimamishwa mpaka ulipe hongo: doti za merikani, doti za kaniki, shanga, waya wa masango. Stanley alipopita mwaka 1871 alilalamika njia nzima ya Ugogo, kuanzia Mvumi. Mimi simhurumii. Kisima ni cha mwenyewe. Zaidi ya hayo, hongo ile ilikuwa na adabu. Ilitozwa mchana, mbele za watu, baada ya majadiliano ya siku mbili tatu, na ukishalipa ulikunywa maji na kupita. Neno lenyewe halikuwa la aibu. Ni sisi tuliolishusha hadhi.

Leo Bunge liko Ugogo, bajeti inasomwa Ugogo, na Mnyamwezi bado anapeleka hongo kulekule. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi nalipa na maji sioni.

Chukua mafuta. Mwaka 2017 mlitufutia ada ya mwaka ya gari, ile tuliyoizoea kwa jina la rodi laisensi. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Kisha ukasoma ukurasa wa pili: shilingi 40 zikaongezwa kwenye kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mwaka 2021 zikaja 100 nyingine juu ya petroli na dizeli. Mwaka 2023, 100 tena. Nilikuwa nafundisha hesabu, ngoja nikusaidie. Hizo nyongeza tatu peke yake ni shilingi 240 kwa lita, na gari langu, likiwa na afya, linakwenda kilomita saba kwa lita. Gari jipya la jirani yangu linakwenda kumi na tano. Kwa hiyo barabara ileile, shimo lilelile, mimi nalipa mara mbili na ushei, kwa kosa la kuwa na gari ambalo nisingekuwa nalo kama ningekuwa na hela. Ila sina haki ya kulalamika sana. Kuna bibi nyuma ya nyumba yangu anayewasha koroboi. Hajawahi kumiliki hata baiskeli, na tangu 2017 amekuwa akinisaidia kulipa rodi laisensi. Kila nikipita nampigia honi kumshukuru. Honi ikiwa inafanya kazi.

Utaniambia: mzee, uza hilo kopo, agiza gari lenye nafuu. Nimejaribu, Mtani. Nilikaa na mwanangu akanipigia hesabu. Gari likitoka nje likiwa na umri wa miaka minane mpaka kumi, unalitoza asilimia 15 ya ziada kwa sababu ya uzee. Likizidi kumi, asilimia 30. Nia ni njema, nakiri: hutaki nchi iwe jalala la magari ya watu. Lakini tazama inavyofanya kazi huku chini. Mtu wa kiinua mgongo hawezi kununua la miaka mitano. La miaka kumi na miwili, ambalo angeliweza, umelipandishia bei. Basi anabaki na lililokwishaingia zamani, ambalo ukilinganisha nalo hilo la miaka kumi na miwili ni kitoto cha chekechea. Sheria ya kuzuia magari makuukuu ndiyo inayonifanya niendelee kuendesha gari kuukuu kuliko yote Tabora. Mimi mwenyewe nilistaafishwa nilipofika 60 kwa mujibu wa sheria. Nashukuru kwamba siku ile hamkunitoza asilimia 30.

Sasa nikueleze safari yenyewe, maana hujawahi kulala Mgunda Mkali. Ndiyo ile nyika ya miiba katikati ya Itigi na Tura, ambayo wapagazi waliiogopa kwa sababu haina maji. Haki yenu nawapa: kipande cha Nyahua mpaka Chaya, kilomita 85, kimetiwa lami, kikazinduliwa 2022, na ni lami safi. Gari langu liliisubiri lami hiyo miaka mingi, na ilipokamilika, lenyewe likawa limekwisha.

Lilizima mchana wa saa saba. Akaja fundi kwa bodaboda. Akazunguka mbele kutafuta boneti; hakuna. Nikamwonyesha injini nyuma. Akainama, akatafuta rejeta, hakuna. Injini ya Kombi hii inapozwa kwa upepo, tangu ilipozaliwa haijawahi kuonja maji, jambo lililofaa kabisa kwa Mgunda Mkali. Fundi hakukubali. Alinyooka, akafuta mikono, akanieleza kwa sauti ya kunifariji kwamba rejeta yangu imeibwa, kwamba anamfahamu aliyeiiba, na kwamba kwa bei nzuri anaweza kuongea naye.

Kilichokatika kilikuwa kebo ya klachi. Kwa kuwa injini iko mkiani na mguu wangu uko puani, kebo hiyo inapita chini ya gari zima, haina mwenzake madukani. Tuliunga mbili za Bajaji kwa waya wa uzio. Ilinifikisha Kigwa. Kutoka Kigwa mpaka nyumbani nilivutwa na trekta la mtu wa tumbaku, na watoto wa vijiji viwili wakitushangilia kama mbio za mwenge.

Niliagiza kebo halisi Dar es Salaam. Ilikuja kwa basi baada ya wiki tatu, ikawa ya gari lingine. Ikarudi. Ikaja nyingine, fupi. Sasa ni mwezi wa tano. Najituliza kwa kukumbuka kwamba Livingstone, baada ya Stanley kuondoka, alikaa hapa Kwihara tangu Machi mpaka Agosti 1872 akingojea wapagazi kutoka pwani. Miezi mitano kamili. Wake walifika.

Kuna jambo moja linahitaji ufafanuzi wa kiserikali. Kabla ya masaibu haya nilisimamishwa na askari mmoja, mahali nisipopataja. Alichungulia ndani, akaona kitanda, pazia na sufuria. Akauliza: mzee, hii ni gari au nyumba? Swali zuri. Kama ni gari, bima ndogo ninayo, stika ninazo, mpaka kioo kimebaki upenyo wa kuonea njia. Kama ni nyumba, basi nadaiwa kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 mnaikata kwenye LUKU, nami sina mita humo, nina betri, tena ya kuazima. Askari akatafakari. Akasema kosa lipo, ila bado hajalipata jina. Faini ni 30,000. Halafu akatazama juu, akajifuta jasho. “Mzee wangu, jua kali. Hata ya maji?”

Nusura nimkumbatie. Miaka 150 imepita na bado anayekusimamisha njiani anaanza na maji! Tofauti ni kwamba babu yako alikuwa na kisima. Huyu alikuwa na chupa yake, imejaa, mkononi.

Siombi unifutie chochote. Naomba uturudishie hongo ya zamani, ile ya wazi. Weka mtu mmoja pale Manyoni, chini ya mti, na mizani ya kupimia umri wa gari ukitaka. Tujadiliane siku mbili tatu. Nikilipa, apige ngoma, nipite mpaka Kongwa nisiulizwe tena. Na kama hilo ni gumu, basi ile treni ya umeme iliyoanza kufika kwako mwaka 2024 isikawie huko. Wajerumani walifikisha ya kwao Tabora mwaka 1912, na hawakuwa watani zetu.

Kwa sasa gari lipo chini ya mwembe wangu. Hapa mjini ukisema “limelazwa Kitete”, watu wanafikiri hospitali. Mama mmoja alikuja na uji wa karanga akauliza wodi. Kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita kila Ijumaa, wanalizunguka kimya, wanalipima kilo kwa macho, kama fisi wenye adabu.

Likifa nitakutumia salamu, kwa kuwa kwa mila wewe ndiye mtani, na shughuli ya msiba ni yako. Najua utakachofanya. Tutafika makaburini, utajilaza shimoni, utagoma kutoka mpaka ulipwe. Tutalipa, Mtani, hatujawahi kukataa. Safari hii naomba risiti.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu, Kitete.

Nakala: Fundi wa Mgunda Mkali, pamoja na ombi la kurudisha spana yangu namba 13.