Pole, Bosi, Gia Boksi Imekufa

Ukitaka kujua mtaa wenu una mafundi wangapi wa gia boksi, fungua boneti. Huna haja ya kuita mtu. Atatokea muuza kahawa na birika lake, atatokea mstaafu wa reli mwenye gazeti kwapani, atatokea kijana wa bodaboda aliyekuwa na haraka ya kumfikisha abiria hospitali, na wote watainama juu ya injini, mikono nyuma, wakiitazama betri. Halafu mmoja wao, mara nyingi yule ambaye hajawahi kumiliki hata toroli, atainuka taratibu, atafyonza na kutamka: "Pole, bosi. Hapa gia boksi imekufa."

Hukumu hiyo haina rufaa. Gari lisipowaka, gia boksi. Likitetemeka kwenye taa nyekundu, gia boksi. Mwaka jana honi yangu iligoma, na mtu mzima mwenye akili zake akaniuliza kama nimecheki oili ya gia boksi.

Gari lenyewe ni sedani ya Kijapani ya mwaka 1998. Jina la kampuni nalihifadhi, kwa sababu hawana kosa. Wao waliliunda limpeleke mzee wa Osaka sokoni akanunue mboga arudi nyumbani, basi. Kule kwao gari la binafsi jipya linakwenda ukaguzi likitimiza miaka 3, na baada ya hapo kila miaka 2, na ukaguzi wenyewe una gharama zake. Kwa hiyo mzee wa watu akipiga hesabu anaona heri aliuze. Wenzetu nao wanaendesha upande wa kushoto, usukani uko kulia, basi gari linapandishwa meli, linashushwa bandari ya Dar es Salaam likiwa bado na stika za Kijapani kwenye kioo, na stika hizo hakuna anayezibandua, maana ndizo zinazothibitisha kwamba halijachezewa. Wakenya wamejiwekea ukomo, gari lililozidi miaka 8 haliingii. Sisi hatumfukuzi mzee. Tunamtoza kodi ya uchakavu, tunamkaribisha.

Katikati ya viti vya mbele kuna mkono wa gia na herufi zake: P, R, N, D, 2, L. Nne za mwanzo kila mtu anazijua. Zile mbili za mwisho watu wanazipita kwa macho tu miaka nenda miaka rudi, ingawa mteremko wa Kitonga, ukitoka Iringa, uko pale kama mtihani wa kuzitumia, ili injini isaidie kuzuia gari na breki zisiungue. Niliwahi kuweka 2 mahali pale nikiwa na shemeji yangu. Injini ikapandisha sauti. Shemeji akakaa kimya kwa adabu, kisha akaniuliza kama nina namba ya fundi wa karibu.

Sasa njoo kwenye pantoni. Mtu wa Kigamboni anajua utaratibu: unaingia kwa kuelekezwa na mikono, unabanwa kati ya Canter la matofali na Noah, unaweka P, unavuta hendibreki, unazima. Mkifika ng'ambo, waenda kwa miguu wanamwagika kwanza, na baiskeli na mikokoteni, halafu ndiyo magari. Pale hakuna wa kukusubiri, maana nchi kavu kuna foleni nyingine imeshachoka kungoja kuingia.

Jioni moja tumefika, nikawasha, nikakanyaga breki, nikavuta mkono wa gia. Haukutoka. Nikakanyaga mpaka nikainuka kwenye kiti, nikavuta. Umeganda kwenye P. Injini inaunguruma vizuri, kiyoyozi kinapuliza, redio inasoma matangazo ya vifo, na gari halina mpango wa kwenda popote. Canter likapiga honi. Noah ikapiga honi. Bajaji, ambayo ingeweza kupita pembeni bila hata kunisalimia, nayo ikapiga honi kwa mshikamano.

Baraza likakaa papo hapo. Wa kwanza alisema gia boksi. Wa pili, mzee mwenye kanzu, akafafanua kwamba hizi oto ndivyo zilivyo, zikizeeka zinajifunga zenyewe, na ikifika hapo ni kushusha nyingine. Wa tatu akashauri gari linyanyuliwe na wanaume wanane, litolewe juu juu. Mtoa shauri alikuwa amebeba mtoto, kwa hiyo hakujihesabu.

Ndipo akaja kijana mmoja wa mle pantonini, kavaa jaketi la kujiokolea la rangi ya chungwa, anatembea bila haraka yoyote. Hakuuliza habari za gia boksi. Aliuliza, "Una biki, kaka?" Nikampa biki. Akaingiza kiwiliwili chote dirishani, kifua juu ya mapaja yangu, akabandua kwa ukucha kifuniko cha plastiki kilicho pembeni ya mkono wa gia, kidogo kabisa, kimeandikwa SHIFT LOCK, akachomeka biki kwenye tundu lake na kubonyeza. "Vuta." Nikavuta. Mkono ukateleza mpaka D bila ubishi wowote, na baraza likatawanyika kwa masikitiko. Biki yangu sikuiona tena.

Nikiwa nashuka, mama mmoja mwenye ndoo ya samaki wa Feri akagonga buti kwa kiganja: "Mwanangu, ukikanyaga breki huku nyuma taa haziwaki!" Nikashukuru, nikaona amenitajia tatizo lingine kabisa. Kumbe katika umati wote ule ni yeye tu aliyeugusa ugonjwa.

Mambo yako hivi. Juu ya pedali ya breki pana swichi ndogo. Ukikanyaga, swichi inapeleka umeme kwenye taa za nyuma, na habari hiyohiyo inafika kwenye kufuli ya umeme iliyojificha chini ya mkono wa gia: dereva kakanyaga, mfungulie atoke P. Swichi ikifa, au fyuzi ya taa za breki ikikatika, kufuli haipati habari. Kwa akili yake wewe hujakanyaga kitu, hata kama umeisimamia pedali kwa miguu miwili. Ndiyo maana gia ikigandia P, kabla hujampigia mtu simu, mwombe mpita njia yeyote atazame nyuma ya gari. Hatakiwi kuwa fundi. Akiwa si fundi ni bora zaidi.

Na kufuli hiyo ina nasaba yake, ambayo mimi naipenda kuliko gari lenyewe. Mwaka 1986 kipindi cha televisheni cha Marekani, 60 Minutes, kilirusha habari za watu waliosema magari yao aina ya Audi 5000 yalichomoka yenyewe walipotoa gia kwenye P, yakagonga kuta na kuumiza watu. Mauzo ya Audi huko yakaporomoka. Kampuni ikaanza kufunga kufuli, gia isitoke P mpaka dereva awe amekanyaga breki. Ilipofika 1989, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ikamaliza uchunguzi wake na kuona kwamba kwa sehemu kubwa madereva walikuwa wamekanyaga mafuta wakidhani ni breki. Lakini kufuli ilikuwa imeshazaliwa, na watengenezaji wengine wakaipokea, Wajapani wakiwemo. Kwa hiyo mtu mmoja huko Marekani alichanganya pedali miaka ya themanini, na mimi nikapigiwa honi na bajaji Kigamboni.

Fundi umeme aliyelitibu alilala chali sakafuni upande wa dereva, miguu imepanda juu ya kiti, simu yenye tochi ameing'ata. Tulielewana kwa irabu tupu. Akisema "a-a", nawasha. Akisema "i-a", nazima. Alipotoka alikuwa ameshika kiswichi cha plastiki kisichozidi kidole gumba, vyuma vyake vya ndani vimeungua vyeusi. Kipya kilinigharimu chini ya sahani ya chipsi kuku. Wakati huohuo fundi wangu mkuu, ambaye nilikuwa nimempigia simu nikiwa bado pantonini, alikuwa ameshafika Gerezani, ameshapata gia boksi "imetoka Dubai, bosi, haijaguswa", na ameshapatana bei. Nilipomwambia gari limepona alinyamaza kidogo. Akaniuliza kama nina hakika.

Tukakaa kwa amani mpaka siku niliyompeleka shangazi kwenye kitchen party, tukapitia sheli kuongeza mafuta. Niliweka P, nikazima, nikalipa, nikageuza ufunguo. Kimya. Hata tik. Taa za dashibodi zinawaka zote, betri nzima, stata haigusi. Nikautikisa mkono wa gia kujaribu N, ukazunguka kama mwiko kwenye uji mwepesi: P, R, N, D, kote unakwenda na kote hakuna kitu.

Vijana wa sheli wakasema tusukume. Shangazi akabaki ndani kwa sababu ya viatu. Wakasukuma kwa moyo wote, tukatoka sheli, tukapita gereji ya pikipiki, tukafika kituo cha daladala, ambako abiria waliokuwa wanangoja gari wakajiunga bila kuulizwa. Nami nikawa napiga kelele dirishani kwamba oto haiwashwi kwa kusukumwa, na wao wanajibu, "Weka tu namba mbili, mzee, halafu achia klachi!" Klachi ya kuachia haipo. Gia boksi ya oto inaishi kwa mgandamizo wa oili, na pampu ya oili hiyo inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezima hakuna mgandamizo, kwa hiyo hata uweke D, magurudumu yanazunguka peke yao na injini haina habari. Mnaweza kulisukuma hadi Chalinze, mtafika na gari lilelile lililozimika na shangazi aliyepitwa na sherehe.

Safari hii kilichokatika kilikuwa bushi. Kati ya mkono wa gia na gia boksi kuna kebo, na kwenye ncha ya kebo kuna kipete cha plastiki au mpira kinachoishikiza. Kipete kikiwa na umri wa miaka ishirini na ushee, kikapikwa na joto la injini kila siku, kinabomoka kuwa unga. Mkono unaonyesha P, lakini kule chini gia boksi imebaki kwenye D, palepale ulipoiacha mara ya mwisho. Na gari limefundishwa lisikubali kuwaka isipokuwa kwenye P au N, lisije likachomoka. Kwa hiyo lilikuwa linatii sheria, sisi ndio hatukuwa tunaona lilichokuwa linaona. Ubaya wa bushi ni huo: ukiegesha mlimani herufi inasema P na magurudumu hayajafungwa. Tangu siku ile natembea na jiwe kwenye buti, na polisi wa usalama barabarani wameshaniuliza ni la nini.

Fundi wa pale kituoni aliingia chini ya gari, akairudisha kebo mahali pake, akaifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli na waya. Ilitakiwa itufikishe nyumbani tu. Ilikaa mpaka baada ya Idi.

Habari za oili sitaki kuziendeleza sana, maana zimevunja urafiki wa watu. Kuna kundi linaloamini kwamba gia boksi ya zamani ukiibadilishia oili unaiua, na kuna kundi linaloamini kwamba oili ni oili, mimina yoyote nyekundu. Kundi la pili ndilo linalowatajirisha wauza gia boksi. Kila gia boksi ina oili iliyoandikiwa, na ile ya gari lenye CVT si ya kuiweka kwenye oto ya kawaida, wala ya oto ya kawaida kwenye CVT. Jirani yangu aliokoa elfu chache kwenye oili. Gari lake sasa lina kuku.

Mwezi uliopita, gia zikiwa zinaingia zote na taa za breki zinawaka, nikamwita dalali aje alithamini. Akalizunguka, akapiga teke tairi, akaingia, akavuta mkono wa gia kutoka P hadi L na kurudi, akafumba macho asikilize vizuri. Akatoka, akafunga mlango.

"Gia boksi nzima kabisa, bosi. Tatizo lako ni injini."

Nikamuuliza amejuaje, na hata boneti hatujafungua.

"Nimeusikia mlango."