Wajane Tumekuwa Mradi

Vijana wa mji wetu wa Kasongo, hapa Kongo, wameamua kwamba sisi wajane ni mradi. Sijui walikaa lini wakapitisha. Mashirika ya kuchimba visima na kugawa vyandarua yamepungua, basi nao wamejitafutia kazi: kuwasakia wazee wao wachumba. Mpwa wangu, binti mwenye diploma ya serikali na hana ajira, ananitazama ninapopepeta mchele kama afisa wa barabara anavyotazama daraja lililooza. Ananihesabia mbao moja moja, kisha anauliza kwa sauti ya upole isiyoaminika, "Tantini, kwani wewe hujihisi mpweke?"

Mpweke! Nyumba yangu ina wajukuu, ina mama wa marehemu mume wangu, ina kuku wanaolala ndani kwa sababu ya wezi, ina wageni kutoka Kabambare waliokuja kwa matibabu wakapona na hawaondoki. Upweke ningeupata wapi? Ukinipa nusu saa ya upweke nitakulipa franga.

Silaha ya mradi wao ni filamu. Jumamosi jioni wakatoa kompyuta wakaiweka juu ya pipa, wakaazima jenereta, wakaalika watu. Mimi sikuulizwa. Niliambiwa tu niandae karanga. Filamu yenyewe ni ya Kimarekani, ya mwaka 2003, iliyotiwa sauti za Kifaransa na kuitwa *Tout peut arriver*. Aliyeitunga na kuiongoza ni mwanamke, Nancy Meyers, kwa hiyo nilikaa nikitegemea haki. Diane Keaton ni Erica, mwandishi wa tamthilia aliyeachana na mumewe, mtu wa makamo. Jack Nicholson ni Harry, mzee wa miaka 63 ambaye maisha yake yote hajatembea na mwanamke aliyefika thelathini. Harry anafuatana na msichana mpaka kwenye nyumba ya ufukweni, kumbe nyumba ni ya mama wa msichana, na huyo mama ndiye Erica. Kabla mambo hayajaanza vizuri huko chumbani, moyo wa mzee unagoma.

Uwanja mzima ulicheka. Ugonjwa ule tunaujua, na sababu yake tunaijua.

Daktari anasema mgonjwa asisafiri mbali. Basi Erica analazimika kumlaza nyumbani kwake, wakabaki wawili. Hapo ndipo nilipoanza kunung'unika, na sijaacha mpaka leo. Dada zake Harry wako wapi? Nilisubiri watokee. Filamu inakwenda, mzee anakunywa dawa, anatembea na joho lake, na hakuna jamaa hata mmoja aliyefika na mkeka! Hapa kwetu mwanaume akianguka kwenye nyumba ya mjane, kabla hajainuliwa chini dada zake wamekwisha kuingia na sufuria, mikeka, birika la kutawadhia na swali moja tu: "Alikula nini hapa?" Mimi ningekuwa Erica ningelala kwa chifu usiku huohuo.

Halafu jiko. Nasikia Wamarekani wengine waliipenda filamu ile kwa sababu ya jiko tu, wakaenda kujijengea la namna hiyo. Ni jiko jeupe. Makabati meupe kila upande. Mwanamke yeyote aliyepika sombe na mawese anajua kwamba jiko jeupe ni matusi. Usiku wa manane wanakutana humo wawili, wamevaa nguo za kulalia, wanakula na kuongea taratibu, na mapenzi yanachipuka. Kwa hakika yangechipuka! Hata mimi nikiwekwa na karani wa ushuru kwenye jiko kubwa namna ile, usiku, hakuna mtoto anayelia wala mkwe anayekohoa ukutani, mwisho nitamwona ana macho mazuri. Jikoni kwangu usiku wa manane kuna mbabula iliyozimwa, wajukuu wawili waliokimbia joto la chumbani, na kuku anayeatamia asiyetaka kusogezwa. Mwanaume akiingia humo kwa mahaba atakanyaga mtu, na mtu huyo atapiga kelele.

Ndiyo maana nasema filamu hizi zinatudanganya juu ya jambo moja tu, nalo si mapenzi. Kupendana katika umri wetu si kazi. Tumekwisha kuzaa, tumekwisha kuzika, tunajua anayekoroma atakoroma mpaka kaburini. Kinachokosekana ni nafasi. Watu wa Nancy Meyers wana nyumba tupu. Watoto wao wamehama, wazazi wao hawaonekani, majirani wako mbali na hawana miwani. Sisi tuna kila kitu cha mapenzi isipokuwa mlango unaofungika.

Kuna mahali Erica, kabla ya kwenda kitandani na Harry, anamfunga mkono kwa kile kipimo cha tansio, asije akafa mikononi mwake. Watu walicheka mpaka jenereta haikusikika. Mimi nilikuwa nawaza mashine. Hapa kwetu iko kwenye kituo cha afya, ndani ya kabati, na kabati lina muuguzi, na muuguzi ana mdomo. Nenda ukaiazime saa mbili za usiku uone kama alfajiri hutasikia habari zako bombani.

Na kuna yule daktari, kumbe kijana, Keanu Reeves mwenyewe, mwenye miaka 36, anampenda Erica. Hapo wanawake wa uwanjani tulinyamaza kwa heshima.

Lakini kilichouharibu mradi wa vijana, au kuufanikisha, ni sweta. Erica anavaa masweta ya shingo ndefu hata pwani, amejifunika kama mgonjwa wa koo. Usiku ule joto linampanda, anachukua mkasi, anampa Harry amkatie sweta lote kutoka chini mpaka juu. Kra! Aliyekaa jirani yangu akatoa sauti ya maumivu, "Aaa, jamani, nguo nzima!" Hakutazama kitu kingine chochote kilichokuwa kinaonekana pale kwenye kioo. Alitazama kitambaa.

Huyo ni fundi cherehani wa kutoka Kabambare, mgane. Ndiye aliyealikwa kwa ajili yangu. Nilijua tangu nilipoona amepewa kiti chenye mgongo.

Kabambare si karibu. Ni zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, na mvua ikinyesha barabara ile huipiti, unaigombania. Pikipiki inabeba mtu na mizigo yake, kisha mtu anaibeba pikipiki. Harry wa kwenye filamu anapotambua kwamba anampenda Erica anapanda ndege mpaka Paris, anakwenda kulia darajani, theluji inamwangukia mabegani vizuri kabisa, na Erica anatokea na teksi. Fundi wetu akitoka kwao kuja kumwona mtu anafika na tope mpaka kwenye nyusi, na bido la mawese alilopewa na shangazi yake, na jambo la kwanza analoomba si mapenzi, ni maji ya kuoga. Mimi naona huo ndio uthibitisho wa mapenzi, lakini nani atautilia muziki?

Taabu ya watu wa Kabambare ni dhahabu. Kwa kuwa Salamabila na Namoya ziko huko, ndugu zangu wanaamini kila anayetoka upande ule ana kipande amekishonea kwenye pindo. Fundi wetu, dhahabu pekee anayoijua ni uzi wa rangi hiyo anaotia kwenye shingo za kanzu. Haikusaidia. Filamu haijaisha vizuri, kaka yangu mkubwa amekwisha kuanza kutaja mbuzi wa mahari.

Na jamaa wakaongezeka. Mnamjua Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye baadaye aliifanya Kasongo yetu makao yake. Ameeleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake jinsi alivyofika kwa mzee Kasongo Rushie, mtawala wa Utetela, akamwambia kwamba bibi yake alikuwa mtoto wa ukoo wao aliyetekwa zamani. Mzee akaamini, akampokea kama mjukuu, akamkabidhi utawala. Wasomi wengi wa historia wanashangaa. Mimi sishangai. Harufu ya mahari ilipotoka uwanjani kwangu, walikuja wajomba ambao hata marehemu mama hakuwahi kuwataja, kila mmoja na bibi yake aliyetekwa.

Kisheria wana hoja, na hilo linanikera zaidi. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, ile ya wakati wa Zaire iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2016, inataka mchumba na jamaa zake wapatane na wazazi wa mwanamke juu ya mali au fedha za mahari. Wazazi! Wangu wote wawili wako udongoni. Aliyeandika kifungu kile alikuwa anamwona bibi harusi wa miaka ishirini, analia kidogo, baba yupo nyuma. Hakumwona bibi harusi mwenye wajukuu na goti linaloumwa wakati wa masika. Basi kiti cha wazazi kikagombewa. Kaka mkubwa akasema ni chake. Mwanangu wa kwanza akapiga simu kutoka Kindu kusema kwamba, kwa kuwa yeye ndiye anayenitunza, mahari ifike kwake, na kama ni pikipiki atashukuru zaidi. Ananitunza! Mwaka jana nilimtumia mchele gunia zima.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, yeye alikuwa na njia ya mkato. Alisimama katikati ya filamu akaziba kioo, akasema hakuna haja ya watu wa mbali, mila ipo, yeye yupo tayari kunichukua, nitakuwa wa tatu. Mpwa wangu akamkumbusha kwamba sheria ya nchi haitambui hata mke wa pili. Sheria haimtambui mke wa pili, na shemeji haitambui sheria, wamelipana. Nilimwambia eda yangu ya miezi minne na siku kumi niliimaliza zamani, na sikuimaliza ili nianze kumpikia mtu ambaye wake zake wawili wamekonda.

Kaka yangu wa pili, mtu wa kusoma, akataka kutuliza mambo. Akasema wazungu hawajui ucheshi wa mapenzi, sisi tulikuwa na wetu. Akataja *La Vie est belle*, iliyotoka mwaka huohuo wa 1987, kazi ya Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Ni kweli, tuliipenda. Nyota wake alikuwa Papa Wemba, mtoto wa Lubefu, hapo Sankuru kwa jirani zetu, na hapa watu walimdai kama ndugu kuliko Tippu Tip alivyomdai Kasongo Rushie. Lakini ikumbukeni vizuri filamu ile. Kijana mwanamuziki na msichana Kabibi ndio wenye mapenzi. Mtu wa makamo ni Nvouandou, tajiri mwenye baa, nguvu zimemtoroka chumbani, na mganga anamwelekeza akaoe msichana. Sote tulimcheka tukapiga makofi. Na mke wake mkubwa, Mamou? Nilikuwa msichana wakati ule, sikumjali. Juzi nilipokumbushwa nilijikuta nipo upande wake kwa kila neno, na nikatamani filamu irudiwe nzima kwa kumfuata yeye na kikwembe chake.

Kwa hiyo wa kwetu wametufanya watu wa makamo kichekesho, na Wamarekani wametupa jiko jeupe. Nikilazimishwa kuchagua nitachukua jiko, nilipake rangi ya mawese.

Mkutano ulivunjika jenereta ilipoishiwa mafuta, Harry akiwa bado darajani. Mwisho wake nilisimuliwa kesho yake. Fundi aliaga kwa adabu, akiwa na swali moja tu moyoni, kama sweta lile lilikuwa la sufu au la. Hakusema neno la uchumba, wala sikumtegemea aseme mbele ya baraza lile la mbuzi.

Na vijana wanasikitika kwamba mradi umeshindwa. Waache wasikitike. Hawajatambua kwamba katika mji huu wote kuna mwanaume mmoja tu anayeweza kunizungushia mikono kiunoni mchana kweupe, mkwe wangu anatazama, shemeji anatazama, na hakuna anayekohoa, mradi tu huyo mwanaume ameshika tepu ya kupimia. Mpwa wangu anauliza kwa nini nimeanza kushona nguo nyingi. Namwambia Idi inakaribia. Idi iko mbali sana. Fundi naye ni mtu makini, vipimo vya safari iliyopita anasema havioni kwenye daftari, lazima tuanze upya, kuanzia bega. Anapima polepole. Anaongea polepole pia, na anaongea tukiwa tumesimama karibu kiasi kwamba kuku hawasikii.

Sasa nimesikia wametafuta filamu nyingine ya mama huyohuyo Meyers, ya mwaka 2009, *Pas si simple*. Meryl Streep ameachana na mumewe miaka mingi, kisha anaanza kutoroka naye kwa siri, huku akijenga jiko jipya ilhali alilonalo lina nafasi ya kutosha kufanyia harusi. Nimewaambia mapema. Mafuta ya jenereta watanunua wenyewe, karanga watakaanga wenyewe, fundi akija apewe kiti chake kilekile, na shemeji asialikwe.