Deni, Mtumishi wa Kudumu

Kisauni watu hawana neno jema kwa deni. Mwenye duka Mlaleo huliandika daftarini kwa kununa, na mwenye nyumba Bombolulu akilisikia hupandisha sauti hadi wapangaji wengine wachungulie. Hawajui kwamba ng'ambo ya hori la Tudor, na katika vyuo vikuu vya umma kote nchini, deni ni mtumishi wa heshima. Kwa kuwa hakuna aliyejitolea kulisifu, lisifiwe hapa.

Kwanza, lina ajira ya kudumu, jambo ambalo si kila mwenye shahada analo. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliamua kwamba anayetaka kuitwa mhadhiri awe na shahada ya uzamivu. Watu wakarudi kusoma, wengine kwa mikopo. Leo si ajabu kumkuta daktari wa falsafa akifundisha kwa kibarua: anamaliza muhula, anasahihisha mitihani, anajaza fomu ya madai, kisha anasubiri muhula mwingine ndipo aulizie ule uliopita. Deni halikuulizwa cheti. Halikuitwa kwenye usaili. Lilipokelewa siku lilipobisha hodi, na kila mwaka wa fedha ukiisha hupandishwa daraja.

Ukoo wake si wa kale kama wengi wanavyodhani. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, kile cha ng'ambo ya hori, kilianza kama taasisi ya Waislamu ya mafunzo ya ufundi, MIOME, na kilianza kwa pesa zilizoonekana. Sultani wa Zanzibar alichanga, Aga Khan alichanga, Mabohora walichanga, na hata serikali ya kikoloni ikatia mkono mfukoni. Wazee wale walikuwa na mazoea ya kizamani ya kutoa kwanza na kufungua baadaye. Masomo yakaanza 1951. Tangu hapo jina limebadilika mara nne: taasisi ya ufundi 1966, politekniki 1972, chuo kikuu kishiriki 2007, hatimaye chuo kikuu kamili Januari 2013. Majina hayana gharama kubwa, ni kubadilisha kibao tu langoni.

Lililolilea deni ni hesabu, tena hesabu nyepesi. Tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kilipowafungulia mlango wanafunzi wa kujilipia mwaka 1998, vyuo vingine vilifuata, na karo ya watu hao ikaziba matundu mengi. Ukaja mtihani wa KCSE wa 2016, udanganyifu ukabanwa. Waliopata C+ na zaidi walikuwa 169,492 mwaka 2015. Safari hii wakawa 88,929. Wote waliofuzu wakawa na nafasi ya kufadhiliwa na serikali, na soko la kujilipia likanyauka. Serikali ilikuwa imekusudia kulipa asilimia 80 ya gharama ya kila mwanafunzi wake. Haikufika hapo. Palibaki pengo, na deni, kwa moyo wa kujitolea usio na mfano katika utumishi wa umma, likaingia kulijaza.

Tena lina siri. Mshahara wa mhadhiri hukatwa pensheni, bima na mkopo wa SACCO, na hati ya malipo huonyesha makato yote kwa usafi. Ila katika baadhi ya vyuo pesa hizo zilizokatwa hazikufika zilikotumwa. Mwenye mshahara hajui lolote mpaka siku anapokwenda kukopa tena na kuambiwa yeye ni mdaiwa sugu, wa mkopo ambao amekuwa akiulipa kila mwezi.

Deni pia ni mwalimu. Septemba 17, 2025, vyama vya wahadhiri na wafanyakazi, UASU na KUSU, viligoma vikidai shilingi bilioni 7.9 zilizobaki katika mkataba wa mishahara wa 2017 hadi 2021. Mkataba ulikuwa umeisha muda wake miaka minne nyuma. Deni lake lilikuwa bado kijana. Mgomo ulidumu siku 49, hadi Novemba 5. Kisauni ilipata somo la uchumi bila karo: mwanafunzi aliyetoka Busia au Wajir hawezi kupanda basi kwenda nyumbani wakati hajui mgomo utaisha kesho au mwezi ujao. Anabaki Mtopanga au Mishomoroni, analipa kodi ya chumba cha kusubiria, na lile daftari la dukani linaongezeka ukurasa. Makubaliano yalisema nusu ilipwe papo hapo na nusu Julai 2026. Wahenga walisema ahadi ni deni. Hazina Kuu imeisoma methali hiyo kutoka mwisho: kila deni hugeuzwa ahadi.

Na lisisahauliwe kwa usawa wake. Mfumo mpya wa ufadhili uliotangazwa 2023 ulilishusha kutoka ofisi za vyuo hadi sebuleni, kwa kuzipanga familia kulingana na kipato chao. Mvuvi wa Junda, ambaye kipato chake hufuata bamvua, akatakiwa aeleze anapata ngapi kwa mwezi. Mahakama Kuu iliubatilisha mfumo huo Desemba 2024, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo. Mzazi aliyekuwa katikati aliendelea kutafuta karo.

Maadui wa deni wapo, na madai yao ni ya kikatili. Wanataka Bunge litenge gharama nzima ya kila mwanafunzi ambaye serikali yenyewe imempeleka chuoni, na litenge katika bajeti ya Juni, si baada ya mgomo. Wanataka wahadhiri wa kibarua wenye sifa wapewe nafasi za kudumu na makato yao yafike yanakokwenda. Hayo yakipita, deni litalazimika kustaafu baada ya utumishi wote huo. Litakwenda kuulizia pensheni yake, na litaambiwa makato yalikatwa kila mwezi lakini hayakuwasilishwa.