Paka Asiyeitika

Mpwa wangu aliye masomoni Lubumbashi aliponirithisha kompyuta yake kuukuu yenye mfumo wa Linux, hakunitanabahisha kwamba kibodi yake ni ya Kifaransa, ile ambayo safu ya juu huanza na A na Z, ilhali mashine yenyewe aliiacha ikidhani kuwa ni ya Kiingereza. Na kwa taksiri hiyo ndogo, kila nilipobonyeza A ilitokea Q, na nilipobonyeza M ilitokea nukta-mkato. Nikaandika “cat” nipate kusoma faili, ikaja “cqt”. Nikaandika “man” nipate maelezo, likaja neno lisilotamkika na kiumbe yeyote. Amri moja tu, kwa kudura ya Mola, ilipita salama salimini, kwa kuwa herufi zake hukaa mahali pale pale katika kibodi zote mbili: “kill”, yaani “ua”.

Ufupi wa amri hizo una asili yake: akina Ken Thompson na Dennis Ritchie, walioianza Unix, mfumo ambao Linux imefuata nyayo zake, mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Marekani, walichapa kwa teletaipu iliyopiga herufi 10 tu kwa sekunde, hata ubahili wa herufi ukawa ndiyo busara. Kwa hiyo “cat” si paka, bali ni kipande cha neno la Kiingereza lenye maana ya kuunganisha mfululizo, na “man” si mtu, bali ni kitabu cha maelezo. Thompson mwenyewe, alipoulizwa angerekebisha nini lau angeianza upya, alijibu kwamba “creat”, jina la kuunda faili, angeiandika na e yake ya mwisho. (Wala sisi wa Likasi hatuna idhini ya kucheka, tuliolitamka jina la kampuni ya Gécamines miaka nenda miaka rudi bila kukumbuka kuwa ndani yake mmefinyangwa machimbo na migodi.)

Basi nikampigia mpwa wangu simu, nikisahau kuwa mama mkwe, ambaye mbele yake sithubutu hata kukohoa, yupo barazani akichambua sombe.

“Nimemwita paka, haji, nimemwita mtu, haji, ila nikitaka kuua, naruhusiwa papo hapo!”

“Ua tu, mjomba, usiogope,” ikajibu simu kwa sauti iliyofika nje.

Amri ile, kwa hakika, haiui: hupeleka ishara tu, na programu yenye adabu ikajifunga yenyewe. Lakini nani wa kumweleza? Mama mkwe aliinuka taratibu, akamtoa mjukuu wake chini ya meza yangu, akarudi kumchukua paka, akasema kwa taadhima pasipo kunitazama:

“Baba, huyo mtu uliyemwita akifika, nitamwambia umesafiri.”