Kirby Akunjishwa Uso Ng'ambo

Mwaka 1992 kampuni ya Nintendo ilitoa nchini Japani Kirby's Dream Land, mchezo wa Game Boy, yaani kile kifaa cha kuchezea kinachoshikwa mkononi, ambacho kioo chake hakikujua rangi isipokuwa vivuli vinne vya kijani. Masahiro Sakurai, aliyembuni Kirby, alikwisha kuamua kwamba kiumbe huyo wa mviringo ni wa waridi, na Wajapani walimwona hivyo kwenye kasha. Lakini Wamarekani, waliouziwa mchezo huohuo miezi michache baadaye, walimkuta mweupe pe, kana kwamba rangi ilichujuka kwa maji ya Pasifiki. Kosa hilo lina utetezi wake, kwani aliyekitazama kioo peke yake angejuaje? Utetezi huo haupatikani katika miaka ya 2000, pale makasha ya Marekani yalipoanza kumkunjisha Kirby nyusi ilhali ya Japani yakimwacha atabasamu, kwa kuwa wauzaji waliamini kwamba mvulana wa Kimarekani hanunui furaha mpaka ikunje uso. Ndani ya kaseti, kile kijisanduku cha plastiki kinachobeba programu ya mchezo, Kirby aliendelea kuwameza maadui kwa sura ileile ya kitoto, bila habari ya ugomvi aliotangaziwa dukani.